Rainey: Milionea aliyesajili kikosi cha mbwa kuwakabili simba

Kasulu. Ukimwambia shabiki wa Yanga kwamba kuna jamaa alipeleka mbwa wake kupambana na Simba, atacheka kwanza, halafu atauliza matokeo. Lakini habari hii haihusu Kariakoo. Simba wanaotajwa hapa ni wale wa porini wenye manyoya shingoni, na jamaa mwenyewe alitua Afrika Mashariki mwaka 1911, wakati Yanga (1935) na Simba (1936) zilikuwa bado hata ndoto hazijaotwa.

Anaitwa Paul James Rainey, Mmarekani, mtoto wa tajiri wa makaa ya mawe. Wakati matajiri wenzake walikuwa wakinunua farasi wa mbio, yeye alipakia mbwa melini, akavuka nao bahari hadi Mombasa, akawapandisha treni ya Reli ya Uganda na kuwaingiza kwenye nyika za Kenya kumtafuta mfalme wa pori.

Ilikuwa timu kamili. Ilikuwa na mmiliki mwenye mkwanja, kocha, wachezaji wa kila nafasi na kamera za kuionyesha dunia. Kama ilivyo kwa timu nyingi za tajiri mmoja, ilishinda sana, ikatengeneza pesa, ikaacha maswali ambayo hayajajibiwa mpaka leo.

MBWA WA KASULU WANAJUA HAYA

Kwa mkulima wa Kasulu au Kibondo, mbwa si pambo la getini. Mahindi, maharage na mihogo ya nyanda za juu za Kigoma yana maadui wawili wanaojulikana: nyani mchana na nguruwe pori usiku. Mbwa ndiye beki wa shamba.

Mwenye mbwa wa namna hiyo anajua jambo ambalo Rainey alilipia fedha nyingi kulijifunza. Mbwa mzuri si yule anayevamia kila kitu. Mbwa anayemrukia nguruwe dume usoni hufa mapema, pembe zinampasua tumbo na kazi inaishia hapo. Anayefaa ni yule anayebweka, anazunguka, anamchosha mnyama na kumzuia asiondoke mpaka wenye mikuki wafike. Kwa lugha ya mpira, anakaba kwa akili bila kujitupa chini ovyo.

Swali hilo la ushujaa na akili ndilo lililotawala maisha ya mbwa wa Rainey. Ndilo pia linalowatenganisha mbwa wa mawindo na ndugu zao wa damu, mbwa wa kupiganishwa ulingoni.

MTOTO WA TAJIRI

Rainey alizaliwa Septemba 18, 1877 mjini Cleveland, jimbo la Ohio. Baba yake alijenga utajiri kwa makaa yaliyookwa kwa ajili ya kuyeyushia chuma, biashara iliyolipa sana enzi hizo Marekani ilipokuwa ikijenga reli na viwanda. Baba alipofariki, watoto walirithi mali. Paul hakuwa na mpango wa kukaa ofisini kuhesabu mabehewa.

Alikwenda kusini, jimbo la Mississippi, akanunua maelfu ya ekari karibu na kijiji cha Cotton Plant na kujenga makazi ya kifahari aliyoyaita Tippah Lodge. Hapo aliweka mazizi ya farasi, uwanja wa polo na mabanda ya mbwa. Wageni walikuja kucheza, kula na kuwinda.

Mwaka 1910 alikwenda Aktiki pamoja na tajiri mwenzake, Harry Whitney. Wakiwa huko walimkamata dubu mweupe akiwa hai, akapelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na kupewa jina la Silver King. Magazeti yakamwandika sana. Mtu mwingine angetosheka, lakini Rainey alitaka kitu ambacho hakuna aliyekifanya kwa ukubwa huo: kumwinda simba wa Afrika kwa mbwa wa Mississippi.

SHULE YA MISSISSIPPI

Wazo hilo halikutoka hewani. Mississippi ilikuwa na mabingwa wa kuwinda dubu kwa mbwa, na aliyevuma kuliko wote alikuwa Holt Collier, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani. Novemba 1902 Collier ndiye aliyemwongoza Rais Theodore Roosevelt katika mawindo ya dubu. Mbwa walimzingira dubu, dubu akamjeruhi vibaya mbwa mmoja, Collier akampiga kwa kitako cha bunduki na kumfunga kamba. Roosevelt akakataa kumpiga risasi mnyama aliyefungwa. Tukio hilo likachorwa kibonzo gazetini, na toka hapo midoli ya dubu ikaanza kuitwa kwa jina la utani la rais huyo, Teddy.

Kundi la mbwa wa dubu hupangwa kama kikosi. Mbele wako mbwa wa harufu, wenye masikio marefu na sauti nzito, ambao hata mnyama akiwa amepita saa kadhaa zilizopita wanaweza kuifuata njia yake hatua kwa hatua. Hao ni viungo, na bila wao hakuna mchezo. Wapo wenye mbio wanaomfikia mnyama akishaanza kukimbia. Hao ni mawinga. Halafu kuna wagomvi, yaani teria na machotara wao, ambao kazi yao ni kumuuma nyuma mnyama ili ageuke na kusimama.

Ukizidisha wagomvi unazika mbwa kila wiki. Ukiwakosa kabisa, mnyama anatembea tu huku mbwa wanambwekea kama mashabiki wa jukwaani.

MBWA WA ULINGONI

Hapa ni lazima kuzungumzia upande wa giza wa ufugaji wa mbwa, kwa sababu damu ya wagomvi hao ilitoka huko.

Uingereza ya zamani ilikuwa na mchezo wa kumfunga fahali kwenye mti na kumwachia mbwa. Bunge lilipopiga marufuku michezo hiyo mwaka 1835, wacheza kamari walihamia kwenye kitu ambacho ni rahisi kukificha. Fahali huwezi kumwingiza kwenye chumba cha chini cha baa, mbwa wawili unaweza. Wafugaji wakamchanganya mbwa mzito wa fahali na teria mwepesi, wakapata mbwa mfupi, mwenye misuli, taya imara na moyo usiokata tamaa.

Ulingo ulikuwa wa mraba, na katikati ulichorwa mstari. Kila mbwa alikuwa na mshikaji wake ndani ya ulingo. Mbwa walipotenganishwa kisha wakaachiwa tena, yule ambaye hakuvuka kumfuata mwenzake alihesabiwa ameshindwa. Kwa hiyo mshindi hakuwa lazima awe mwenye nguvu. Alikuwa yule ambaye, hata akiwa amevunjika mguu, anajikokota kurudi kwenye maumivu. Wafugaji walimchagua huyo kuwa mbegu, kizazi hadi kizazi.

Wahamiaji waliwachukua mbwa hao hadi Marekani. Mwaka 1898 kikaanzishwa chama kilichowaandikisha kwa jina la pit bull. Uingereza nayo, miaka 100 kamili baada ya marufuku, yaani 1935, ikamtambua rasmi Staffordshire bull terrier, safari hii kama mbwa wa maonyesho na wa nyumbani.

Ni ufugaji wa ajabu. Mnyama anachukuliwa sifa yake nzuri kuliko zote, yaani uaminifu wa kufanya anachotaka bwana wake mpaka mwisho, halafu sifa hiyo inageuzwa kuwa kamba ya kumnyongea. Mwenye mbwa anaondoka na fedha ya kamari, na mbwa hata akishinda anaondoka na majeraha.

Kwa Rainey, mbwa wa aina hiyo peke yake asingefaa kitu. Simba dume anaweza kufikisha kilo 190 na zaidi. Mbwa wa kilo 20 anayekataa kurudi nyuma mbele ya simba anakufa kwa kofi moja. Ushujaa uliozalishwa kwa ajili ya ulingo ukiingia porini unageuka kuwa kadi nyekundu ya dakika ya kwanza.

KOCHA SHELLEY

Timu haichezi kwa fedha ya mmiliki pekee, na Rainey alilijua hilo. Alimchukua Er M. Shelley, mkufunzi wa mbwa kutoka Mississippi aliyejulikana kwa kuwafunza mbwa wa kuwinda ndege. Shelley ndiye aliyekuwa akiishi na mbwa hao, akiwalisha, akiwatibu na kuamua nani anaanza na nani anabaki benchi.

Kazi yake haikuwa nyepesi. Mbwa aliyelelewa kwenye misitu ya Mississippi anajua harufu chache. Ukimfikisha kwenye nyika ya Kenya anakutana na pundamilia, nyumbu, swala, kongoni, fisi na ngiri kwa mara moja. Pua inachanganyikiwa. Mbwa kijana akiona swala wanakimbia, naye anakimbia, na asubuhi yote inapotea. Kwa hiyo somo la kwanza lilikuwa kuwafundisha mbwa nini wasifuate. Mchezaji anayeukimbilia kila mpira anawavuruga wenzake wote, na mbwa ni hivyohivyo.

Somo la pili lilikuwa muda. Harufu hukaa vizuri kwenye ardhi yenye umande, na jua likipanda inakauka. Kikosi kililazimika kuingia kazini alfajiri, simba wakiwa wametoka kula usiku na nyayo zao bado mbichi. Kufika katikati ya asubuhi joto lilikuwa limeshamaliza mechi.

La tatu lilikuwa kuishi tu. Miiba, kupe, maji machafu na chui wanaopenda nyama ya mbwa ni matatizo ambayo hayakuwepo kwenye mabanda ya Tippah Lodge. Shelley baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu kuwinda wanyama wakubwa kwa mbwa Afrika, kikatoka mwaka 1924.

KWA NINI KENYA NA SI KIGOMA

Mtu wa Kibondo anaweza kuuliza: simba walikuwepo hata huku, pori la Moyowosi liko palepale, kwa nini tajiri huyu hakuja? Kwanza, Kigoma wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani. Lakini kulikuwa na mlinzi mkali zaidi ya askari wa Kijerumani, naye ni mbung'o.

Mbung'o hubeba vimelea vya malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Farasi na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika vibaya kabisa. Mbwa wa kigeni akiumwa na mbung'o wenye vimelea, macho yanavimba na kufifia, anakonda, anaishiwa damu na kufa. Mfumo wote wa Rainey ulisimama juu ya mbwa wanaokimbia na watu wanaowafuata kwa farasi. Kwenye nyanda za juu za Kenya zisizo na mbung'o uliwezekana. Kwenye miyombo ya mashariki mwa Kibondo, kikosi kizima kingelala ndani ya msimu mmoja.

Ukubwa wa tatizo hilo ulionekana wazi miaka ya 1930, pale serikali ya Waingereza ilipowahamisha Waha wengi na kuwaweka kwenye makazi ya pamoja ili kukwepa malale. Mdudu aliyewasumbua wazee wa Kibondo ndiye huyohuyo aliyewalinda simba wa Moyowosi dhidi ya mchezo wa aina hii.

MECHI YENYEWE

Rainey hakuwa wa kwanza kuleta wazo la Kimarekani. Mwaka 1910 mzee mmoja aitwaye Charles Jones, maarufu Buffalo Jones, alikuja Kenya na vijana wake wa kuchunga ng'ombe wakawakamata wanyama kwa kamba juu ya farasi, simba akiwemo, huku Mwingereza Cherry Kearton akipiga picha za sinema. Rainey alikuja mwaka uliofuata na kila kitu kikiwa kikubwa zaidi.

Msafara wake ulikuwa na Edmund Heller, mtaalamu wa wanyama kutoka taasisi ya Smithsonian ambaye alishakuja na Roosevelt mwaka 1909. Alikuwepo mpiga picha John Hemment. Walikuwepo wawindaji wa kizungu wa kuajiriwa na, kama kawaida ya misafara ile, wapagazi, wapishi na wachunga farasi Waafrika waliobeba mizigo yote. Majina ya hao wa mwisho hayakupata nafasi kwenye mabango ya sinema.

Mchezo ulikwenda hivi. Mbwa wa harufu waliwekwa kwenye nyayo mbichi. Wakishika njia, sauti zao zilibadilika na wapanda farasi wakajua mnyama yuko mbele. Simba akisikia kelele huondoka kwanza, kwani hana sababu ya kugombana na vurugu asiyoielewa. Lakini simba si mkimbiaji wa mbali. Ana mbio kali za muda mfupi, kisha pumzi inakata. Baada ya umbali fulani alijiegemeza kwenye kichaka au korongo na kugeuka.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mbwa wenye akili walibaki nje ya kofi lake wakibweka kutoka pande zote. Simba akimrukia wa kulia, wa kushoto anasogea. Hakujua amkabe nani, kama beki anayezungukwa na pasi fupifupi mpaka anapoteza mwelekeo. Wenye bunduki walifika, wakashuka na kupiga risasi.

Matokeo yalitisha. Roosevelt na mwanawe Kermit, katika safari ya karibu mwaka mzima iliyosifiwa dunia nzima, waliua simba 17 kati ya wanyama 512. Kikosi cha Rainey kiliua zaidi ya simba 20 ndani ya wiki chache. Ni kama timu inayopiga hat-trick kila mechi, mpaka watu wanaanza kuhoji kama wapinzani wana miguu.

NI MICHEZO AU MAUAJI?

Na watu walihoji kweli. Wawindaji wengi wa Kenya, ambao wenyewe hawakuwa malaika, walisema huo si uungwana. Kwa kanuni zao, mwindaji alitakiwa kumfuata simba kwa miguu na kukubali hatari ya kurukiwa. Rainey alikuwa amehamisha hatari kutoka kwa mtu kwenda kwa mbwa. Simba akiwa ameshughulika na mbwa kumi, mpiga risasi anakuwa na muda wa kufuta jasho.

Waliomtetea nao walikuwa na hoja. Enzi hizo simba alihesabiwa mharibifu wa mifugo, na walowezi wenye ng'ombe walifurahi kila simba alipopungua. Isitoshe, walisema, mbwa hawakufungwa kamba. Anayetaka kukimbia alikuwa huru kukimbia.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo inayotumiwa hadi leo na wanaopiganisha mbwa kwa siri katika nchi mbalimbali: mbwa anapenda mwenyewe. Ina tundu kubwa. Mbwa hakuchagua kuzaliwa na wazazi waliochaguliwa kwa ukali wao, hakuchagua kupakiwa melini na hajui kwamba kuna kitu kinaitwa kuacha. Mchezaji wa mpira akiumia ananyoosha mkono aombe kutolewa. Mbwa aliyefugwa kwa ajili ya kutokata tamaa amenyimwa mkono huo kabla hajazaliwa.

Tofauti ya Rainey na watu wa ulingoni ni kwamba yeye alihitaji mbwa wake warudi wakiwa hai, kwa sababu mbwa wa simba aliyefuzu alichukua muda mrefu kumpata. Ndiyo maana kikosini mwake mbwa mwenye tahadhari aliheshimiwa. Lakini kila asubuhi ya kazi ilihesabu majeruhi, na kilichotafutwa hakikuwa chakula wala usalama wa kijiji. Kilikuwa ngozi, na kuanzia mwaka 1912, picha.

SINEMA ILIYOTIKISA NEW YORK

Aprili 1912 sinema ya Rainey ya mawindo ya Afrika ilianza kuonyeshwa ukumbi wa Lyceum, New York. Watu walijaa. Hawakuwahi kuona wanyama wa Afrika wakitembea mbele ya macho yao kiasi kile. Kipande kilichopendwa sana hakikuwa hata cha kuua. Kilionyesha wanyama wa kila aina wakija kunywa maji kwenye bwawa moja wakati wa ukame. Halafu vikaja vipande vya mbwa wakimfukuza mnyama na simba akizingirwa.

Sinema hiyo ilionyeshwa kwa miezi mingi na inatajwa kuingiza takribani dola 500,000, fedha ambazo kwa wakati ule zilikuwa nyingi kupita kiasi. Rainey, aliyekwenda Afrika kutumia fedha, alirudi akiwa ametengeneza nyingine.

Mafanikio yakaleta tamaa ya kurudia. Sinema ya pili ilihitaji kitu kikali zaidi, na kitu kikali kilikuwa simba akimvamia mtu mbele ya kamera.

JANUARI 1914

Fritz Schindelar alikuwa mwindaji wa kuajiriwa kutoka Austria-Hungaria, mpanda farasi hodari, mtanashati, aliyejulikana Nairobi yote kwa farasi wake mweupe. Rainey alimchukua kwa ajili ya kazi hiyo. Alitakiwa kumchokoza simba akiwa juu ya farasi, simba amfukuze, kamera ichukue.

Januari 1914 simba alitoka kichakani karibu kuliko ilivyotarajiwa. Alimwangusha Schindelar na kumng'ata vibaya tumboni. Alipelekwa Nairobi, akafariki siku chache baadaye.

Tangu siku ya kwanza, mbwa ndio waliokuwa wakilipa bei ya mchezo. Safari hii alilipa binadamu, tena kwa ajili ya picha. Mchezo ukishazoea kwamba wa kuumia ni mwingine, mstari wa nani anaruhusiwa kuumia unasogea polepole, mpaka siku moja unamfikia aliyeuchora.

Miezi michache baadaye, Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Nyika zilizokuwa za mawindo zikawa za vita. Upande wa Kigoma, Wabelgiji waliuteka mji huo Julai 1916, na nchi ya Waha, Kasulu na Kibondo zikiwemo, ikabaki mikononi mwao hadi walipowakabidhi Waingereza mwaka 1921. Wapagazi waliokuwa wakibeba mahema ya matajiri sasa walibeba risasi, na maelfu yao hawakurudi makwao. Dunia ya Rainey ilikuwa imekwisha, ingawa mwenyewe alikuwa bado hajajua.

MWISHO WA SAFARI

Septemba 1923 Rainey alikuwa melini akielekea Afrika kwa mara nyingine. Hakufika. Alifariki baharini Septemba 18, siku ileile aliyotimiza miaka 46, na mwili wake ukazikwa baharini. Mtu aliyekuwa na maelfu ya ekari hakupata hata kipande cha ardhi cha kaburi.

Dada yake, Grace Rainey Rogers, ndiye aliyeamua jina la kaka yake likumbukwe vipi. Mwaka 1924 ardhi oevu ya Rainey huko Louisiana ilitolewa kwa chama cha Audubon kuwa hifadhi ya ndege na wanyama, na bado ni hifadhi hadi leo. Mwaka 1934 yalisimamishwa malango makubwa ya shaba kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, kazi ya mchongaji Paul Manship, yamejaa sanamu za wanyama. Watoto wanaopita hapo kwenda kuwaangalia simba wanapita chini ya jina la mtu aliyewawinda kwa mbwa.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania ina moja ya idadi kubwa zaidi ya simba waliobaki Afrika, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama, mbwa akiwa mmoja wao. Simba aliyekuwa akihesabiwa mharibifu sasa ndiye anayewaleta wageni na dola zao.

Kuhusu mbwa wa Mississippi, hakuna lango la shaba lenye majina yao. Walifanya kazi waliyofundishwa, wakakimbia pale walipoelekezwa, na wengi wakazikwa kwenye nyika ambayo harufu zake walikuwa wamezijua kwa msimu mmoja tu.

Usiku huu kwenye mashamba ya Kasulu kuna mbwa wasio na ukoo wala cheti, wamelala pembezoni mwa mahindi wakisikiliza nguruwe. Wakibweka, wenye shamba wataamka na kutoka na tochi. Nguruwe ataondoka, mbwa watarudi kulala, na asubuhi watapata makombo ya ugali. Hakuna aliyewawekea dau na hakuna kamera. Kwenye ligi yote ya mbwa wanaopambana na wanyama, hao ndio pekee wanaocheza mechi ambayo hata wao wana faida nayo wakishinda.